Kiti cha Nyuma

Daktari wa macho kule Covilhã
alizima taa, akawasha taa,
akaniambia nitazame kidole chake.
Kidole kipi, nikamuuliza.
Leseni ikabaki mezani pake
nami nikarudi nyumbani kwa basi,
mtu wa miaka sabini na mitatu,
fundi niliyefungua injini na kuzifunga
tangu kiwanda cha sufu kilipokuwa bado na king'ora.

Pikipiki nikaifunika kwa shuka.
"Umeifunika kama maiti," Deolinda alisema.
Sikumjibu.
Zabibu zikavunwa. Theluji ikaanguka, ikayeyuka.
Asubuhi moja nikasikia gereji inakohoa:
injini inashtuka, inakufa.
Inawashwa tena, inakufa.
Nilihesabu mara kumi na moja
kabla sijapata viatu vyangu.

Alikuwa na miaka sitini na minane.
Goti lake la kushoto lina chuma cha hospitali
na mguu huohuo ndio wa gia.
Mtahini, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni,
alimuuliza kama anamsubiri mjukuu.
"Mjukuu wangu anaogopa," akamwambia,
"ndiyo maana nimekuja mimi."
Akaangusha koni mbili, akafeli.
Akaangusha koni moja, akafeli.
Mara ya tatu hakuangusha koni,
aliangusha chozi ndani ya helmeti,
nalo, anasema, halipunguzi alama.

Sasa nakaa nyuma.
Miaka arobaini na miwili alikaa yeye hapa
na sikuwahi kujua kiti hiki ni chembamba hivi,
kwamba upepo anaoupasua dereva
unakutana tena masikioni mwa abiria,
kwamba huku nyuma kona huioni,
unaisoma kwanza kwenye mgongo wa mwenzako,
bega likishuka kidogo,
pumzi ikingoja.
Nilikuwa nikimkemea: usinibane mbavu, mwanamke!
Leo mbavu zake ndizo ninazobana,
naye hasemi kitu,
anashuka tu hadi gia ya pili.

Tunapanda kuelekea Torre.
Mawe nayaona kondoo, kondoo nawaona mawe.
Ananisimulia kwa sauti kubwa
na upepo unakula nusu:
"...mbwa mweupe, Firmino, ame..."
"...ukungu mpaka kwenye..."
Nusu iliyoliwa naijaza mwenyewe.
Barabara hii niliipita na mbwa wengi weupe.

Manteigas, penye kituo cha mafuta,
alisimama kwenye mteremko.
Mguu ukatafuta lami, lami ikawa mbali
kwa upana wa vidole viwili tu.
Tukaanguka polepole, kama ng'ombe anavyolala,
na muda wa kuomba radhi ukawepo.
Tulisimama wawili, tukaitazama
kilo mia mbili na ishirini ubavuni mwake.
Zamani ningeinua peke yangu.
Au ndivyo ninavyopenda kusimulia.

Deolinda ndiye aliyesema lile neno
ambalo nyumbani kwetu halikuwa na matumizi:
"Tuinulieni."
Akaja Dona Quitéria, muuza jibini,
na mwanawe, mikono yao ikinuka maziwa ya kondoo,
wakaisimamisha bila hotuba.
Kioo cha kulia kimepasuka.
Kishikio cha klachi kimepinda.
"Tuiuze," akasema Deolinda, akiwa amenipa mgongo.

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti.
Chuma hakihitaji macho.
Nilikipapasa kishikio, nikalijua pindo lake,
nikalirudisha taratibu, kwa kitambaa na subira,
maana chuma baridi ukikifokea kinakatika.
Koleo limevunjika, sikatai.
Uhunzi bado ulikuwa viganjani.
"Jaribu," nikamwambia.

Akabana. Akaachia. Akabana.
Hakusema asante, wala halikutajwa tena la kuuza,
leo walau.
Niliipapasa njia hadi kwenye kiti
nikainua mguu kwa mkono, kama mzigo wa mtu mwingine.

"Umeshika?"
"Nimeshika."
"Basi usinibane mbavu, Firmino."